Kurunzi ya Chini ya Mtutu

Orval Tronstad amezipanga sita juu ya kitambaa cha kijani
kama daktari wa meno anayejivunia koleo zake.
Nje, theluji ya Wyoming inapita ikilala ubavu,
na harufu ya kondoo imenifuata kutoka garini hadi kaunta.

Hii, anasema, lumeni elfu moja. Itampofusha kulungu ng'ambo ya mto.
Namwambia sina ugomvi na kulungu.
Hii fupi kama gumba, haichomozi kupita mdomo wa bastola,
ila betri ni moja: dakika thelathini na tano, kisha utusitusi.
Hii ina taa nyekundu pia.
Ya nini?
Anacheka. Ya vijana.

Nina miaka sabini na miwili.
Nauliza maswali ya mtu anayenunua viatu:
inabana wapi,
nikivaa glavu swichi itanisikia,
masizi ya baruti yatachukua muda gani kuziba kioo?

Bastola ni ya Manex, ina reli fupi chini ya mtutu.
Aliniachia hiyo, na deni la majani makavu, na kofia yake ya Kibaski.
Orval anazitelezesha relini moja moja, tak, tak.
Amekwisha hakikisha mara mbili kwamba chemba ni tupu,
na mara ya tatu kwa ajili yangu.

Ya nne.
Swichi iko ubavuni, gumba la kushoto linaifikia
bila kidole cha shahada kupata habari.
Hii, nasema.
Anataka kujua kwa nini hii.

Simwambii habari za Jumanne ile ya Oktoba,
saa nane za usiku, mbwa kimya
(hapo ndipo ningeelewa: mbwa alimjua),
kitasa cha mlango wa nyuma kikizungushwa taratibu
kama na mtu anayeogopa kumwamsha bibi yake.
Nilisimama jikoni, bastola mbele yangu, giza mbele ya bastola,
na ndani ya giza, mabega.
Nilitaka kusema, nani. Koo halikutoa kitu.
Kidole kilikuwa kimeshaumaliza ulegevu wa kifyatulio,
milimita mbili, labda tatu,
mabega yakapiga chafya.

Chafya ya Beñat. Tangu mchanga hupiga tatu mfululizo.
Alipanda basi kutoka chuoni bila kumwambia mtu;
alikuwa amefeli hesabu, akaona haya kuingia mchana.

Husemwa majuto ni mjukuu, huja nyuma.
Usiku ule mjukuu alitangulia,
majuto yakabaki nje kwenye baridi, yakibisha hodi.
Bado yanabisha.

Namwambia Orval hivi tu:
siangalii lumeni.
Nataka mwanga unaomwagika pembeni,
nikiuelekeza sakafuni unipandishie chumba kizima,
viatu kwanza, kisha mikono, kisha uso,
mtutu ukiwa bado unatazama mbao.
Maana vidude hivi vina ila ambayo haikuandikwa kwenye kadi ya bei:
ukitaka kumwona mtu, unamnyooshea kifo
ndipo umuulize jina.

Orval anakuna shingo. Hasemi lolote kuhusu kulungu.

Dola mia na arobaini na tano. Nalipa taslimu.
Kisha naomba na ile ya mkononi, ya plastiki ya manjano, dola tisa,
isiyofungwa kwenye chochote.
Hiyo ndiyo nitakayoitangulia kuiwasha.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la misumari na rangi.
Nafika nyumbani na kitu cha tatu, kimeviringishwa gazetini.
Beñat anashika kiti, anashika na kiuno changu,
ananiambia nishuke, atapanda yeye.
Simwachii.
Balbu ya mlango wa nyuma iliungua Agosti,
na ni mimi niliyesema kila siku, kesho.